Sufuria ya Shangazi na Kirusi Kisicho na Alama

Nyumbani kwetu Mapera kila chombo kina nukta nyekundu. Sufuria ina nukta chini ya tako, sahani ina nukta kwa nyuma, mwiko una nukta kwenye mpini. Hata ndoo ya kulishia nguruwe, ambayo hakuna mwizi mwenye akili timamu angeitamani, ina nukta. Ni rangi ya kucha. Mama yangu hajawahi kupaka kucha maishani mwake, lakini kichupa cha rangi nyekundu hakikosekani juu ya kabati lake, na kikianza kukauka hununua kingine kabla ya kununua chumvi.

Sababu yake kila mama wa kwetu anaijua. Kukiwa na komunyo, harusi au msiba, kila nyumba ya jumuiya yetu ya kanisani hutoa vyombo. Shughuli ikiisha vinaoshwa kwa pamoja, kisha mama wa vyombo, yaani yule aliyekabidhiwa usimamizi siku hiyo, anavigeuza kimoja kimoja na kuvipanga kwa alama. Nyekundu ni kwetu. Kijani ni jirani wa juu. Kwa katekista wamechora msalaba kwa msumari. Chombo kisicho na alama hakina mwenyewe. Kinakwenda stoo ya jumuiya, hata kama mwenyewe amesimama palepale analia.

Shangazi yangu, dada yake baba, yeye ni wa bluu. Aliolewa ziwani, upande wa Mbamba Bay, na mimi nilikaa kwake miaka yote ya sekondari, nikijifunza kula usipa, wale dagaa wa ziwani, na kujibu mapigo, maana kwa shangazi mtu asiye na mdomo hashibi. Yeye na mama ni mawifi wa kweli. Hawajawahi kugombana kwa jambo la maana, na hawajawahi kuacha kugombana.

Mimi nasomea virusi. Virusi vyangu haviwajui watu kabisa. Vinashambulia bakteria peke yao. Shangazi aliposikia hivyo mara ya kwanza alisimama na ungo mkononi.

"Kwa hiyo hata mdudu ana mdudu wake?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi Mungu ni wa haki," akasema, akaendelea kupeta mchele wake.

Kazi yangu yote ya shahada ilianzia uani kwake. Wakati wa mvua usipa wanaoanikwa kwenye vichanja wakikosa jua huanza kuteleza na kunuka, na kati ya wanaofanya uharibifu huo kuna bakteria mmoja niliyemkamata na kumkuza. Nikachota maji yaliyotuama mchangani chini ya kichanja cha shangazi nikitafuta adui yake, na adui nikampata. Ukimwaga bakteria kwenye sahani ya maabara wanatanda kama utando wa maziwa. Ukiwatia kirusi kinachowaweza, utando unatoboka, na kila tobo ni mahali ambapo kirusi kimoja kimeingia, kimezaa, na wanawe wamekula majirani. Sahani yangu ya kwanza ilitoboka kila mahali. Nilicheza peke yangu maabara, na mlinzi aliyepita dirishani akaamua kutouliza.

Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Bakteria wa ufukweni ni wagumu kulea na wananuka. Maabara inao bakteria wa kufugwa, wapole, wanaokua upesi, wasio na ulinzi wowote. Nikakizalisha kirusi changu ndani ya hao, kikazaana kweli, nikajaza vichupa na kuviandika vizuri. Siku ya kumwonyesha msimamizi wangu nikavirudisha virusi hivyo kwa bakteria wa ufukweni, walewale niliowatoa kwa shangazi.

Utando ulikaa mzima. Pembeni kabisa kulikuwa na tobo moja, limejibanza kama mgeni asiyealikwa.

Msimamizi wangu ni mtu mstaarabu, na ustaarabu wake ndio unaoudhi. Hakupaza sauti. Aliiinua sahani kwenye mwanga, akaishusha, akasema, "Umechanganya chupa, binti."

"Sijachanganya, Profesa."

"Kirusi ulichotoka nacho ziwani kiliwaua hawa. Hiki hakiwaui. Kwa hiyo hiki siyo kile."

"Ni kilekile."

"Umejuaje?"

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Akaniambia niende likizo. Nikirudi nimletee ushahidi kwamba kirusi kile ni kilekile cha ziwani, la sivyo tutaifunga mada hiyo na nitaanza nyingine. Alilisema neno "nyingine" kama mtu anayeagiza soda. Miaka yangu ilikuwa humo, na maji ya shangazi, na harufu yote ile niliyoivumilia. Nilitoka ofisini kwake nikautafuta mlango wa kubamiza, nikakuta ni ule wa kujifunga polepole wenyewe.

Basi likizo ikawa imeangukia kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa kaka yangu. Nikiwa Songea najiandaa kupanda basi, shangazi akapiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ukifika Kitai ushuke unichukulie sufuria yangu kwa fundi. Iache kwa mama yako, nitaikuta kwenye komunyo."

Sufuria hiyo ilikuwa na historia. Ilikuwa kubwa, ya kupikia watu wengi, na tako lake lilikuwa limetoboka. Shangazi aliipeleka kwa fundi wa Kitai ambaye huyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Alimkataza asichanganye na makopo wala vyuma vya magari. Sufuria yake iyeyushwe peke yake, itoke upya, alumini ileile na umbo lilelile. Fundi alinikabidhi kitu kinachong'aa, kizuri, bado kina joto la kiwandani, nikakipakata mpaka Mbinga na kutoka hapo mpaka nyumbani. Njia nzima nilikuwa nagombana na Profesa kichwani, na kichwani nilikuwa nashinda.

Nilifika mama yuko shambani anafukia nyasi za ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo ya mteremkoni. Nikaiacha sufuria jikoni, nikajitupa kitandani. Nilipoamka mama alikuwa anaimba. Mama yangu haimbi ovyo. Nilipaswa kuuliza, lakini nilikuwa bado nawaza matobo.

Siku ya komunyo shangazi alipanda kutoka ziwani na kiroba cha usipa na maneno mengi. Tulipika, tulikula, mtoto alivaa nyeupe na kuimwagia mchuzi. Jioni, jua likiwa bado halijazama, tukaanza kuosha vyombo. Mimi nilikuwa kwenye beseni la kusuuza. Mama wa vyombo anageuza, anapanga. Nyekundu, nyekundu, kijani, msalaba. Ghafla shangazi akatua kwenye rundo letu kama kipanga.

"Wifi, sufuria yangu inafanya nini hapa?"

"Ipi, wifi?" Mama alijibu kwa utulivu wa mtu anayejua ana haki. "Hiyo? Hiyo ni yangu. Mwanangu ameniletea."

Nikasikia maji ya beseni yanapoa mikononi. Mama aliporudi shambani siku ile alikuwa amekuta jikoni kwake sufuria mpya, imeletwa na bintiye kutoka safarini, haina alama ya mtu. Ungemwambia nini? Alishukuru Mungu, akachukua kichupa chake, akaiweka nukta. Kisha akaimba. Na kumbe alikuwa amewaambia wanawake wote wa jumuiya.

"Mama," nikasema, "hiyo kweli ni ya shangazi. Nilimchukulia Kitai."

Mama akanitazama kwa huruma. Alidhani natuliza ugomvi.

"Imetoka ndani ya sufuria yangu!" shangazi akapiga kelele. "Alumini ni yangu! Umbo ni langu! Hata ule ubavu wake uliopinda fundi ameurudisha!"

"Alama iko wapi?" akauliza mama wa vyombo.

"Alama iliyeyuka!"

"Mimi naona nyekundu."

"Mfuniko wake uko kwangu, haukuyeyushwa, una bluu mpaka leo!"

"Basi ulete mfuniko," akasema mama wa vyombo, akaiweka sufuria kwenye rundo letu. Wanawake wakacheka. Shangazi akaketi juu ya kinu na kukataa chai, jambo lililowatisha watu kuliko kelele zake.

Mimi nilikuwa nimesimama na povu mpaka viwikoni. Mtu mmoja alikuwa ametoka kusema kitu ni kilekile, mwingine akamwuliza umejuaje, na mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo wiki hiyohiyo. Nikaitazama ile nukta nyekundu. Nikasema kwa sauti, mbele ya mama, shangazi na katekista, "Mimi ni mjinga wa kufungiwa kamba." Hakuna aliyepinga.

Jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma darasani, nikalifaulu, nikalisahau. DNA ni maandishi marefu ya herufi nne. Lakini bakteria wengi huongeza kitu juu ya maandishi yao. Mahali fulani, juu ya herufi fulani, hubandika kipande kidogo sana kiitwacho methili, kaboni moja na haidrojeni zake tatu. Herufi haibadiliki, wala inachosema hakibadiliki, kama nukta ya mama isivyobadilisha ladha ya maharage. Inasema tu kwamba hiki ni cha nyumba hii. Na ndani ya nyumba hiyo kuna mkasi. DNA ngeni ikiingia, ya kirusi kwa mfano, mkasi unaitazama mahali pale. Usipokuta nukta unakata vipandevipande, na kirusi kimekwisha.

Kirusi changu kilipokuwa ziwani kilizaliwa ndani ya bakteria wa ufukweni, kwa hiyo kilikuwa na nukta yao. Kiliingia kwao kama mwenyeji. Halafu mimi nikakipeleka kwa bakteria wa kufugwa, ambao hawana mkasi wala kichupa cha rangi hiyo, nikawaambia wakinakili. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Wakati wa kunakili zinaachana, na kila uzi wa zamani unatengenezewa mwenzake mpya. Wa zamani una nukta, mpya hauna: mfuniko wa bluu juu ya sufuria iliyotoka kwa fundi. Kule ufukweni kimeng'enya kinachobandika methili hupita nyuma ya kazi hiyo, kikaona mfuniko una nukta na sufuria haina, kikapaka upesi, mambo yakaendelea. Kwa hawa wa kufugwa hakuna wa kupita nyuma. Watoto wa kwanza walibaki na mfuniko tu. Wajukuu na vitukuu karibu wote hawakuwa na kitu. Nilikuwa nimejaza vichupa vyangu kwa sufuria za Kitai.

Kirusi kilikuwa kilekile. Alama ndiyo iliyeyuka.

Na lile tobo moja? Hilo ndilo lililonifanya nitake kuondoka kesho yake asubuhi. Mkasi na kichupa viko nyumba moja. Mara chache sana mkasi unachelewa na kichupa kinawahi, kirusi kisicho na alama kinapakwa nukta kabla ya kukatwa, kama mama alivyoiwahi sufuria ya shangazi. Kikishapakwa kinazaa, na wanawe wote wanazaliwa wenyeji. Kama nilikuwa sahihi, tobo lile lilikuwa limejaa virusi vyenye alama ya ufukweni. Na sahani sikuwa nimeitupa. Ilikuwa kwenye friji ya maabara, nimeifunika kwa hasira lakini nimeifunika.

Niliporudi chuoni nikachokoa tobo lile, nikalikuza kwa bakteria wa ufukweni, kisha nikavitia virusi vyake kwenye sahani mpya ya bakteria walewale. Sahani ikatoboka mpaka ikakosa utando. Nikaipeleka kwa Profesa, nikamweleza habari ya nukta na mkasi nikijaribu kutotabasamu, na nikashindwa.

Akaiinua kwenye mwanga. "Pengine herufi zake zimebadilika," akasema. "Umepata kirusi kipya kinachoukwepa mkasi. Bado siyo kile."

Kwa mara ya kwanza alikuwa amenibishia kitu ambacho nilikuwa na jibu lake. Nikamwambia kama ni herufi, hazitafutika kwa kubadilisha nyumba. Tukichukue hiki kinachotoboa sahani nzima, tukipitishe tena kwa bakteria wa kufugwa, kisha tukirudishe ufukweni. Kama ni herufi kitaendelea kutoboa. Kama ni nukta, kitakataliwa kama mwanzo.

"Nitafanya mwenyewe," akasema. "Wewe usiguse."

Sikugusa. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikitafuna ndani ya shavu siku zote alizofanya ile kazi. Nilijiambia kwamba nikikosea nitakwenda kwa shangazi nianike usipa naye mpaka nizeeke, na sikuwa natania. Niliogopa kweli. Siku alipozitoa sahani alizipanga mezani. Ile ya virusi vilivyotoka moja kwa moja kwa bakteria wa ufukweni ilikuwa matobo matupu. Ile ya virusi vilivyopitishwa kwa bakteria wa kufugwa ilikuwa utando mzima, na matobo ya kutafuta kwa tochi. Na tobo moja alilolichokoa hapo na kulikuza tena ufukweni lilikuwa limerudi kutoboa kila kitu.

Akavua miwani. "Ni kilekile," akasema.

Nililia. Watu huandika kwamba machozi yaliwalengalenga. Yangu yalidondoka mezani na Profesa akasogeza sahani zake.

Nilimpigia mama kwanza. Nilimweleza kirusi, nikamweleza nukta, na alinisikiliza mpaka mwisho, maana nukta anazijua.

"Kwa hiyo sufuria ni ya wifi."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hukuniletea kitu."

Furaha yote ikanitoka. "Sikukuletea, mama."

"Haya," akasema. "Hongera, mwanangu." Akakata simu.

Pasaka tuliteremka ziwani pamoja. Mama alipakata sufuria kutoka Mbinga, na juu ya sufuria akapakata kikapu chake. Mimi nilikuwa na sufuria nyingine niliyomnunulia sokoni, bado ina karatasi. Nilipotaka kumkabidhi kwa maneno mazuri niliyoyatayarisha, akaigeuza kunionyesha. Ilikuwa na nukta nyekundu tayari. Alikuwa ameiweka tangu stendi, nilipokwenda kununua maji.

Shangazi alitupokea uani, hataki kucheka. Mama akaiweka sufuria miguuni pake, kichwa chini tako juu. Mahali pa nukta palikuwa pamesuguliwa kwa stilwaya mpaka panang'aa, hapana kitu.

"Weka ya kwako, wifi," akasema.

Shangazi aliingia ndani akatoka na mfuniko wenye bluu, akaujaribu. Ukakaa. Akasema haukuwa na haja ya kujaribiwa, alijua. Kisha akafungua kichupa chake na kuweka nukta, akaipaka kubwa kuliko ilivyotakiwa. Mama akasema kwa nukta hiyo hata kipofu ataiona. Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega, na mimi nikadhani mambo yameisha.

"Sasa huyu," akasema mama, akanivuta mkono. Kumbe kichupa chekundu kilikuwa kwenye kikapu. "Sufuria nimekuachia, wifi. Huyu simwachi." Akanipaka kidole gumba, taratibu, kama anayepaka tako la sufuria.

"Nani kakwambia ni wako peke yako?" Shangazi akaukamata mkono wangu wa pili. "Sekondari yote kala usipa wa nani?"

Nilirudi chuoni na gumba moja jekundu na lingine la bluu. Maabara hairuhusu rangi ya kucha, na Profesa aliniambia hivyo kwa ustaarabu wake wote. Nikavaa glavu.